Mwaka wa Kuimwaga Stoo ya Newala

Chakula kinaacha kuwa chakula lini? Mama Salima aliniuliza hivyo akiwa ameketi juu ya gunia la chumvi, pakiti ya biskuti mkononi, na mimi, niliyekuwa na shahada mpya na jibu kwa kila jambo, nikaitazama pakiti. Ningeweza kumwonyesha tarehe iliyopigwa kwenye pakiti. Nilikuwa nimekwisha kumwonyesha. Aliitazama, akapitisha kidole gumba juu yake, wino ukafutika. "Haya," akasema, "tarehe imeondoka. Sasa?"

Swali hilo lilinirudia wiki iliyopita, nilipopanda tena Newala kwa ajili ya arobaini yake. Salima, bintiye, alinipigia simu akasema tu, "Njoo, mama alikuwa akikutaja," na nikaja. Uani kulikuwa na masufuria ya pilau na wanawake waliojifunga khanga viunoni, wakibishana kwa sauti nani apelekewe ukoko. Hakuna aliyeuliza kama ukoko unafaa. Kilichobaki sahanini kilikwenda kwa kuku, maji yaliyosuuza mchele yalikwenda kwenye mipapai, na mimi, mwanamke wa miwani na magoti yanayolia, nilikaa kwenye kigoda nikaona mwaka mzima wa ujana wangu ukipita mbele yangu pamoja na masufuria hayo.

Nilimaliza chuo kikuu miaka ile ya ruksa, wakati serikali ilipoacha kuwapangia wahitimu kazi. Waliotutangulia walikuwa wanajua kituo chao cha kazi kabla hawajarudisha godoro la bweni; sisi tulitakiwa heri. Nikaenda Masasi kwa kuwa Baba Rehema, mfanyabiashara wa jumla, alitaka mtu wa kumsomea Kiingereza cha kwenye makatoni. Miaka ya shida aliuza chumvi, viberiti na khanga zilipopatikana. Milango ilipofunguliwa akajaza kila kitu kwa pamoja, kama mtu aliyefunga muda mrefu halafu akaonyeshwa sinia: biskuti za nchi ambazo hakujua ziko wapi, sharubati za rangi ya machungwa kwenye chupa za kioo, maziwa ya unga, samaki wa kopo, peremende zinazobadili rangi ya ulimi. Stoo yake ilikuwa chini ya vilima vya mawe, na mchana mawe yale yaliturudishia joto kama tanuri. Mpaka leo nikinusa katoni mpya iliyopata jua, namwona Baba Rehema na kofia yake ya viua, akiniita kutoka mwisho wa stoo, "Msomi! Hii imeandikwa kinywaji au dawa ya vyombo?"

Nilipanga chumba karibu na soko. Kilikuwa na dirisha moja, kitanda cha kamba na ukuta uliovuja mazungumzo ya jirani. Nilipika muhogo kwa jiko la mkaa barazani, nikisoma magazeti ya wiki iliyopita. Nilikuwa na hasira na watu wengi ambao hawakunijua: waliotuambia tujitegemee kisha wakatuacha, na waliotuambia soko litapanga kila kitu. Nililiuliza soko la Masasi maswali yangu, nalo liliendelea kuuza nyanya. Lakini lilinijibu swali moja. Bidhaa zilizoharibika Baba Rehema alizitupa korongoni, nyuma ya vilima, na kazi ya kuzitenga ilikuwa yangu: nilipiga alama ya kalamu nyekundu kwenye kila pakiti iliyotafunwa na panya au kupitwa na wakati. Asubuhi moja nilikwenda mkahawani kunywa chai. Mama wa pale, mcheshi, mwenye meno ya dhahabu, akaniletea kisahani cha biskuti na pakiti yake, ili nione kuwa hazikufunguliwa kabla. Kwenye kona ya pakiti ilikuwepo alama yangu nyekundu.

"Hizi umezipata wapi, mama?"

"Sokoni, mwanangu. Zimeshuka bei. Hiyo nyekundu ni ya ubora, wameanza kuzikagua."

Nilikunywa chai yangu kavu. Nikarudi stoo kumwambia Baba Rehema kwamba hatutupi kitu, tunakizungusha tu. Kwamba korongo lake lilikuwa duka la pili lisilo na mlango. Alikuwa na rafiki yake, wanakula korosho za kukaanga. Akasikiliza mpaka mwisho. "Wewe Stamili," akasema, "ukiulizwa jina lako utauliza kwa nini." Rafiki yake akacheka, akasema ningekuwa na akili ningevipeleka vyote vile uwandani juu, Newala na vijiji vyake, maana kule nani anasoma tarehe. Baba Rehema hakucheka, lakini hakukataa pia. Akaendelea kumenya korosho.

Msimu ule wanunuzi wa korosho walichelewa. Zamani mkulima alimlaumu mnunuzi mmoja. Sasa walikuwa wengi, kila mmoja akimngoja mwenzake ataje bei. Kwenye duka lake la Newala Baba Rehema alikuwa amejaza bidhaa akingojea fedha za korosho ziingie mifukoni mwa watu, nazo hazikuingia kwa wakati. Mvua ndiyo iliyoingia, kupitia mabati. Mvua ilipokwisha akaniita. "Panda Newala. Stoo nataka iwe tupu. Kilichomo humo, Mama Salima ataamua, wewe msaidie." Nilidhani ni uzembe wa tajiri asiyetaka kuona hasara kwa macho yake mwenyewe.

Mama Salima alikuwa muuzaji wa duka hilo. Kabla ya hapo, miaka ya foleni, alikuwa muuzaji wa duka la ushirika, na watu wazima wa Newala walimwamkia kwa namna fulani ya tahadhari, kama wanavyomwamkia mtu aliyewahi kujua nani kapata sukari na nani kakosa. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya chini iliyokulazimisha usogee. Nilipompa shikamoo aliitika marahaba huku akiniangalia miguu, kisha akasema, "Viatu hivi vitakushinda. Hapa mashine ya maji imeharibika, tunashuka bondeni." Akanipa ndoo kabla hajanipa kiti.

Niliishi kwake miezi iliyobaki ya mwaka ule, na nikiulizwa nilisoma wapi, mara nyingi nyumba ile ndiyo inayonijia kwanza. Chumba changu kilipakana na stoo. Kilikuwa na mkeka, sanduku la bati la Salima, aliyekuwa shule ya bweni, na harufu ya sabuni ya magadi iliyochanganyika na biskuti zilizolowa. Uani palikuwa na pipa la kukingia maji ya mvua, na kila tone lilikuwa na ratiba. Maji ya kuoshea mboga yaliosha vyombo, yaliyoosha vyombo yalituliza vumbi, yaliyobaki yalipelekwa kwenye mche wa mkorosho ulioitwa kwa jina, Bwana Mdogo. Tulikula ugali wa muhogo na kisamvu kilichopikwa kwa korosho zilizotwangwa. Kisamvu kile sijakipata tena popote. Baada ya kula, Mama Salima alipenda kuzungumza akiwa amelala chali kwenye mkeka, khanga usoni, kwa hiyo nilijadiliana na khanga. Mimi nilisema ushirika ulikufa kwa wizi. Khanga ikasema, "Na huu wa sasa utakufa kwa nini?" Nilisema sasa angalau bidhaa zipo. Khanga ikajibu, "Zipo. Miaka yangu ya foleni, mwanangu, hakuna kilichooza. Kilikuwa hakipati nafasi."

Stoo tuliifungua pamoja. Biskuti zilikuwa zimelainika na kuota ukungu pembeni. Sharubati ilikuwa imejitenga, maji juu, rangi chini, na chupa nyingine zikitoa pumzi ulipozungusha kifuniko. Maziwa ya unga ndiyo yaliyonitisha. Kwa nje makopo yalikuwa mazuri, yenye picha ya mtoto mnene anayecheka. Ndani unga ulikuwa wa manjano, wenye mabonge, unanuka kama rangi ya mlango. Hapo ndipo Mama Salima alipokaa juu ya gunia la chumvi na kuniuliza swali lake. Wino ulipokwisha kufutika, akasema polepole, kama anayeongea na pakiti, "Nikivimwaga hivi vyote, Stamili, mimi nimekwisha." Nikamwambia Baba Rehema ni tajiri, ataleta vingine. Akanitazama kwa huruma ambayo nilidhani ni ya mtu mzima kwa mtoto.

Alasiri ya siku chache baadaye nilikuwa chumbani nikishona ukosi, nikasikia kupitia ukutani sauti ya mwanamume mle stoo. Alikuwa mchuuzi, anayezunguka vijiji kwa baiskeli.

"Maziwa tu, Mama Salima. Biskuti siulizi. Naingia Chilangala na zaidi ya hapo. Nachanganya na mapya, bonge navunja, nani atajua?"

"Na mtoto akiharisha?"

"Watoto wanaharisha kila siku. Mvua imekwisha juzi tu, nani atasema ni maziwa?"

Sindano ikanichoma. Nilijua ninachopaswa kufanya, kutoka na kumfokea yule bwana, na nilikwisha kupanga maneno, lakini nikataka kumsikia Mama Salima akisema hapana. Hakusema. Alisema, "Njoo Ijumaa." Nilimsikia mtu yule akisukuma baiskeli yake huku akipiga mluzi.

Siku zile zilizofuata hatukuzungumza sana. Nilimwona akienda stoo, akisimama mbele ya makopo, akirudi. Mara moja alichota unga kidogo kiganjani, akaulamba, akatema, akasukutua kwa maji ya kunywa, jambo ambalo halikufanywa kirahisi katika nyumba ile. Alhamisi asubuhi, kabla sijamaliza uji, alinituma kwa bwana afya wa wilaya. Bwana afya alikuja na mwavuli, akafungua kopo moja, akarudisha kichwa nyuma. Akasema tuchimbe mbali na pipa na mbali na njia ya maji ya mvua, tuchanganye na majivu na majani makavu, tufukie kwa matabaka, na kila kopo litobolewe au livunjwe lisirudi sokoni. Hayo ya mwisho yalinifurahisha. Nilikuwa na alama yangu nyekundu moyoni bado.

Wanawake wa jirani walikuja kusaidia bila kuitwa, kama wanavyokwenda penye msiba, na kwa kweli walikaa namna ile ile, miguu imenyooshwa, wakinong'ona Chimakonde. Tulianza na sharubati. Mama Salima alimimina shimoni, rangi ya machungwa ikazama kwenye majivu, na nikaona nyuso zikibadilika. Hawa walikuwa wametoka bondeni alfajiri na ndoo kichwani. Hata hivyo walivumilia, kwa sababu walikuwa wameinusa. Kisha mimi nikachukua nyundo, nikaanza kuvunja chupa. Bibi mmoja, aliyekuwa amekaa karibu kabisa na shimo, akasimama kwa shida.

"Huyu mtoto ana ugomvi gani na chupa?"

"Bibi, shikamoo. Chupa ikibaki nzima, mtu ataijaza kitu kingine na kuiuza na jina lile lile."

"Marahaba. Mimi nataka kuijaza maji."

"Lakini wengine..."

"Wengine wako Masasi. Hapa ni sisi. Sharubati imeoza, sawa, mwaga. Chupa imeoza nini?"

Wakaanza kusema wote kwa pamoja. Mmoja akasema shule zinafundisha kuvunja siku hizi. Mwingine akasema niulizwe kama kwetu maji yanabebwa kwa mikono. Niliwajibu, nao wakanijibu, na nilikuwa nimemnyooshea bibi nyundo bila kukusudia ndipo Mama Salima aliponinyang'anya. Bado nadhani nilikuwa na hoja. Biskuti zile nilizikuta kisahanini kwa macho yangu. Lakini wao pia walikuwa na hoja, mbili kwa kila moja yangu. "Kinachodanganya ni karatasi," Mama Salima akasema mwishowe. "Tubandue karatasi." Kubandua lebo kunataka maji, na hakuna aliyethubutu kuyataja. Ndipo bibi yule yule akamimina sharubati iliyobaki kwenye beseni, akazitumbukiza chupa humo. Tulikaa hapo mpaka adhuhuri, viganja vinanata, tukikwangua karatasi kwa kucha, nyuki wakitutembelea kutoka kila upande wa uwanda, na bibi akiniita mkwe wake mvunja chupa. Kila mwanamke aliondoka na chupa kichwani, zinang'aa, hazina jina la mtu.

Makopo yakabaki. Alibaki pia mama mmoja kijana, mtoto mgongoni, aliyekuwa amekwangua lebo nyingi kuliko wote bila kusema neno. Mama Salima alipofungua kopo la kwanza la maziwa, akasogea.

"Mama Salima, nipe hilo moja tu. Nitachemsha sana."

"Limeharibika, mwanangu."

"Nitachemsha. Maziwa yangu hayatoshi, unajua."

"Najua. Siwezi kukupa."

Yule mama alimtazama. "Miaka ya foleni mama yangu alikuja kwako kumtafutia maziwa mdogo wangu, ukamwambia hakuna, na yalikuwa chini ya meza. Leo yapo mbele yangu, unayamwaga."

Nilidhani Mama Salima atajitetea. Alikuwa hodari wa maneno. Hakujitetea. Alimfungua mtoto kutoka mgongoni mwa mama yake, akamweka kwenye mapaja yake mwenyewe, na kwa mkono mmoja akapindua kopo. Kisha jingine. Unga ulipanda kama vumbi, akamfunika mtoto uso kwa ncha ya khanga, akaendelea. Mama yule alisimama akiangalia mpaka kopo la mwisho, halafu akachukua jembe, akaanza kufukia. Makopo tuliyachoma motoni mpaka picha ya mtoto mnene ikababuka, na baadaye fundi wa vibatari akayageuza kuwa taa. Ijumaa mchuuzi alikuja na baiskeli yake akakuta nafagia stoo tupu. Hakupiga mluzi alipoondoka.

Biskuti zilikwenda kwa nguruwe. Mama Agnesi, mfugaji wa upande wa Ndanda, alikubali kuzipokea zote, lakini dereva wetu, Baba Asha, alikataa kuzipakia.

"Sibebi chakula cha nguruwe kwenye gari langu."

"Ni biskuti, Baba Asha," nikasema. "Soma."

"Zinakwenda kwa nani?"

"Kwa Mama Agnesi."

"Atakula yeye?"

"Hapana."

"Basi umekwisha kunijibu."

Mama Salima, aliyeswali swala zake zote na hakuwahi kumgusa nguruwe, alikuja kuegemea mlango wa lori. "Baba Asha, gari hili limebeba pombe ya harusi, limebeba wanasiasa, nawe hukuliosha. Leo biskuti ndizo zitalitia najisi? Bado ni biskuti. Zitakuwa za nguruwe zikifika mdomoni kwake, na hapo wewe utakuwa umeondoka." Akazibeba, kwa sharti kwamba zifungwe turubai na watu wa Mama Agnesi wazishushe wenyewe, yeye akiwa amekaa mbele akitazama upande mwingine. Nilipanda naye. Tulishuka uwanda, mikorosho ikipita pande zote, Baba Asha akinieleza njia nzima kwamba hakuwa na chuki na nguruwe binafsi. Nikicheka peke yangu siku hizi, mara nyingi ni safari ile.

Wiki chache baadaye duka la Newala lilifungwa. Siku ya kubeba mizani na meza nilimkuta Mama Salima ameketi barazani anachambua kisamvu. Nikamuuliza kama ni kwa sababu ya kile tulichokimwaga. Akasema, "Kula kwanza." Mwaka ule ukaisha, nikapata kazi ya kufundisha mbali na kusini, nikaolewa, nikazeeka. Nilisikia kwamba aliuza maandazi, baadaye mkaa, na kwamba hakuwa na duka tena maishani mwake. Darasani nilifundisha vijana kuuliza maswali, na kila nilipofanya hivyo nilijiuliza kama maswali yangu hayakumgharimu mwanamke mmoja riziki yake: kwamba kama asingemsikiliza msichana mwenye kalamu nyekundu, tajiri wake asingemfungia.

Nilimwambia Salima hayo wiki iliyopita, tukisugua masufuria kwa majivu baada ya wageni kuondoka. Akaacha kusugua.

"Kwani mama hakukuambia?"

Baba Rehema alikuwa amekwisha kuliuza lile jengo kwa wanunuzi wa korosho kabla ya mvua kuanza, na Mama Salima alikuwa anajua. Tajiri wake hakuwa na fedha za kumlipa kiinua mgongo kwa miaka aliyomuuzia. Kwa hiyo alimwambia achukue vyote vilivyokuwa stoo, na tangu kabla mimi sijapanda Newala, kila kopo la maziwa tulilolimwaga lilikuwa mali ya Mama Salima.